Kukereza na Kupekecha: Jinsi Silinda ya Pikipiki Ipanuliwavyo Jijini Nairobi

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ifanywayo kila siku katika karakana za Nairobi, ambayo wanafunzi wa Kiswahili huipita bila kuitazama: kupanua silinda ya injini ya pikipiki.

Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, vituo vya bodaboda vimeenea Kawangware, Kangemi na Dagoretti. Kwa mwendeshaji ambaye bado analipa mkopo, pikipiki ianzapo kutoa moshi wa samawati ni habari ya unga wa jioni. Moshi huo ni oili inayoungua. Vumbi lililopenya kwenye kichujio cha hewa huchanganyika na oili likawa kama msasa, nayo pistoni, ipandapo na kushuka, huila silinda polepole. Sehemu ya juu huliwa zaidi kwa kuwa ina joto kali na oili haba. Hatimaye tundu halina tena umbo la duara kamili, na juu ni pana kuliko chini. Anayetia ringi mpya katika tundu la namna hiyo anatupa fedha, maana ringi ni duara na tundu si duara.

Fundi wa Kawangware huifungua injini palepale kijiweni. Pikipiki hubaki, silinda ikasafiri peke yake kwa matatu, imefungwa gazetini, hadi Kirinyaga Road katikati ya jiji, barabara ambayo wengi wangali wakiiita Grogan. Hapo ndipo wengi hukosea. Hukimbilia mashine kabla ya kununua pistoni, ilhali pistoni ndiyo inayoamua kipimo cha tundu. Pistoni za ukubwa wa ziada hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Injini ya aina ya Honda CG125, ambayo viwanda vingi vya China viliiga, ina tundu la milimita 56.5, ikipewa pistoni ya 0.50, tundu litakaribia 57. Hulikaribia tu, kwa sababu ni lazima ibaki nafasi ya sehemu chache za mia za milimita ili pistoni itanukapo kwa joto isikwame. Nafasi hiyo haionekani kwa jicho. Hupimwa kwa maikromita, juu, kati na chini, na kwa pande mbili.

Kazi hii iitweje? Wengi husema "kuchonga", neno pana mno linalofaa hata kwa kinyago. Kiswahili kina "kukereza", kazi ya maseremala wa pwani wachongao miguu ya vitanda. Lakini katika kukereza kitu ndicho kizungukacho na kisu kimetulia. Katika mashine ya silinda mambo ni kinyume: silinda imebanwa, wembe ndio unaozunguka. Hilo liko karibu zaidi na "kupekecha", kazi ya kekee. Ni kweli kwamba neno hilo limebeba pia maana ya kuchochea fitina, lakini hiyo si sababu ya kulinyima karakana.

Baada ya wembe hufuata mawe ya kusugulia, yanayoacha mistari myembamba inayokingamana kama msuko wa ukili. Mistari hiyo huhifadhi oili, na bila hiyo ringi hazikai vyema. Kisha silinda huoshwa kwa maji moto na sabuni, si kwa petroli peke yake, maana chembe za mawe zikisalia zitaanza upya kazi ya vumbi.

Wako waendeshaji waaminio kwamba silinda iliyopanuliwa huongeza mbio. Hata milimita nzima huiongezea CG125 takriban sentimita za ujazo nne tu. Nguvu wanayoisikia ni ile iliyokuwa imepotea.

Baada ya 1.00, kwa kawaida ukuta hauna tena nyama ya kukatwa. Hapo bomba la ndani hung'olewa likatiwa jingine, au mwenyewe hununua silinda mpya pamoja na pistoni yake, tayari sandukuni. Fundi wa mashine huitazama bidhaa hiyo kwa shaka, na huipima kabla ya kumruhusu mteja kuondoka nayo.