Kuomba maji bila kuamsha ugomvi



Mapigano ya Wambole na Walengola kuhusu ardhi, yaliyozuka Februari 2023 upande wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, yaliwalazimisha maelfu ya watu kukimbilia mjini Kisangani. Lakini tunapoketi na familia za Kapalata, wenyeji na waliohamishwa, malalamiko tunayosikia mara nyingi ni ya bidoni, ya chumvi, ya kupita katika lupango ya mtu. Na kinachouma zaidi ni namna kitu kilivyoombwa.

Chukua maneno ya Lingala «Pesa ngai mai», yaani nipe maji. Kati ya marafiki hayana ubaya. Kwa mama asiyekujua ni amri. Siku za wasiwasi, mama huyo hatasema kijana fulani hana adabu; atasema kabila lao ndivyo lilivyo. Bidoni moja inakuwa kesi ya watu wote.

Kiswahili na Lingala vina njia moja ya kulainisha ombi, nayo imo ndani ya kitendo chenyewe. «Nipe» inaamuru, «unipe» inaacha nafasi ya kukataa. Vivyo hivyo «pesa ngai» hugeuka «opesa ngai». Kisha kuna neno dogo la kupunguza uzito: «Unisaidie maji kidogo, mama», au «Opesa ngai mwa mai». Kila mtu anajua bidoni ni ya lita 20, hilo «kidogo» halipimi maji. Linampa heshima anayeombwa.

Si sisi peke yetu. Walioishi Kivu ya Kaskazini miaka ya 2000 waliwaona askari wa India wa MONUC. Kwa lugha yao ya Kihindi, «pani do» ni nipe maji, kwa mtu wa karibu. Kwa mgeni au mzee kitendo hubadilika, «pani dijiye», na mara nyingi hutanguliwa na «zara», ambalo maana yake ni kidogo tu!

Tahadhari moja. Baadhi ya waliohamishwa hawapendi kusema «naomba», kwani wanaona linawafanya ombaomba, na wamekwisha kupoteza mengi. Tusiwalazimishe. «Unisaidie» inatosha, hasa ikitanguliwa na salamu na kuitwa mtu kwa nafasi yake: baba, mama, yaya, ndeko. Anayeanza na haja kabla ya «mbote» au «jambo» ameharibu ombi mapema.

Viongozi, hili linawahusu zaidi. Wakati wa kugawa misaada tunasikia «Leta jetoni! Toka hapo!» kwa wazee wenye umri wa baba zetu. Kwa mzee sema kwa wingi: «Mutuletee jetoni, baba». Na kama vitu vimekwisha, usigeuze mgongo. Sema «Mutuvumilie», kisha taja siku ya kurudi, kama unaijua kweli. Ahadi ya uongo yenye maneno matamu huudhi kuliko ukali.

Maneno haya hayaongezi maji kisimani. Pale foleni haina utaratibu, adabu huisha kabla ya saa nne asubuhi, kwa hiyo kamati ya maji ipange kwanza zamu, wenyeji na wageni wakiwa katika orodha moja, na wanaosimamia zamu wawe wa pande zote mbili.