Jaribu la Kijiko: Kwa Akina Mama Wanaoshika Miiko ya Chakula



Tumezoea kusomeana habari za majaribu makubwa: ulevi, ugomvi wa mashamba, fedha za wengi zilizowekwa mkononi mwa mmoja. Mwezi huu nataka tuangalie jaribu dogo, lililo na ukubwa wa kijiko. Ni jaribu la mama aliyeagizwa na daktari kushika miiko ya chakula, ambayo watu wa mjini huiita dayati. Naye mtoto wake anatimiza mwaka, na keki yataka kupikwa kwa mikono ya mama yule yule. Labda wako watakaocheka. Lakini akina mama wa namna hiyo wamenieleza habari zao kwa machozi, na mtu akiona machozi hayo hawezi kucheka.

Nitasema habari za mmoja wa mtaa wetu, na jina lake nitalificha. Mama huyu ana ugonjwa wa sukari. Katika mwili wa mtu mzima kongosho hutoa insulini, na kazi ya insulini ni kuifungulia mlango sukari iliyo katika damu, ili iingie mwilini na kuleta nguvu. Kwake yeye insulini haitoshi, tena ile iliyopo mwili hauitii vema. Basi sukari hubaki katika damu, na miaka ikipita huharibu macho, mafigo, na mishipa ya fahamu ya miguu. Wala hayuko peke yake. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 duniani walikuwa na ugonjwa huo, na milioni 24 kati yao walikuwa katika Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara.

Binti yake mdogo alikuwa anatimiza miaka 8. Jumamosi asubuhi mama aliweka mezani unga nusu kilo, sukari robo kilo, siagi robo kilo, mayai sita, maziwa kikombe kimoja, beking poda, iliki iliyotwangwa na ganda la limau. Kila apikaye keki ajua yanayofuata. Siagi na sukari hupigwa kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe. Hapo kidole huenda kinywani ili kujua kama sukari imekolea. Yakiisha kutiwa mayai, huonja tena. Ikiisha kutiwa iliki, huonja tena. Rojo likimiminwa katika sufuria, mwiko hulambwa na ukingo wa bakuli hufutwa kwa kidole. Keki ikiiva, kingo zilizoungua kidogo hukatwa ili ikae vizuri, na kingo hizo haziendi mbali. Wahenga wamesema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja.

Sasa tufanye hesabu, ninyi walimu mnisaidie. Vitu hivyo vyote pamoja vyakaribia kilo moja na nusu, na sukari ni sehemu moja katika sita. Kijiko kikubwa kimoja cha rojo, kama gramu 20, kina sukari zaidi ya gramu 3. Vijiko sita vina gramu 20, yaani vijiko vitano vya chai, mbali ya unga, ambao nao tumboni hugeuka kuwa sukari. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2015 kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ipatikanayo katika chakula chote cha siku. Na tena ni afadhali isizidi nusu ya hiyo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Basi mama huyu, kabla hajaketi mezani, angeweza kuwa amekaribia kuumaliza ule mpaka wa siku nzima, naye angesema kwa moyo mweupe kwamba hajala keki. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, tuseme keki ni kitu kibaya, na siku ya kuzaliwa isishikwe katika nyumba ya Wakristo? Najua wako wanaosema hivyo, kwa sababu katika Maandiko karamu hizo ni za Farao na za Herode. Lakini yafaa tukumbuke habari nyingine. Mwaka 1746, katika Ujerumani, wafuasi wa Zinzendorf, aliyekuwa kiongozi wa Wamoravian, walimfanyia karamu ya kuzaliwa. Mmoja aliyekuwako aliandika kwamba palikuwa na keki kubwa kadiri ya tanuru, imetobolewa matundu kwa hesabu ya miaka yake, na katika kila tundu mshumaa. Ni Wamoravian hao hao ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Keki, basi, yaweza kuwa shukrani kwa Mungu aliyempa mtoto uhai, na mama aliyemzaa ana haki kuliko wote kuipika.

Wala harufu ya iliki si dhambi. Mtaalamu mmoja wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa akionyeshwa chakula tu, mate humtoka na tumbo huanza kutoa maji yake, kabla hata kipande kimoja hakijamezwa. Mwili wa mwanadamu nao hufanya hivyo. Kwa hiyo mama akisikia mate yakimjaa kinywani mbele ya bakuli, asijihukumu moyoni kwamba ameanguka. Bwana wetu mwenyewe aliona njaa nyikani baada ya siku arobaini, na njaa ile haikuwa dhambi. Kujaribiwa ni jambo moja, na kukubali ni jambo jingine. Katikati yake pana nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo ndimo tufanyiamo kazi.

Yule mama aliniuliza swali zuri. Alisema, "Mwalimu, Torati ilikataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Je, mimi nipurae nina amri kali kuliko ng'ombe?" Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Nikamwambia, "Mama, ng'ombe yule hula mchana, mbele ya bwana wake, wala hafichi. Wewe nawe mwulize daktari wako wazi." Akaenda kuuliza. Madaktari wengi siku hizi hawamkatazi mgonjwa wa sukari kila kipande cha keki. Humruhusu kipande kidogo kilichopimwa, badala ya wali au ugali wa mlo ule, kwa kadiri ya hali ya mgonjwa. Daktari wake alimruhusu kipande cha upana wa vidole viwili. Hicho ndicho ujira wake, naye akaula mezani pamoja na watoto. Lakini kijiko kiliwacho jikoni, mgongo ukiwa umeelekea mlango, hakuna akihesabuye, hata mlaji mwenyewe.

Tukiona kwamba miiko ni mizigo mizito, tukumbuke habari za Elizabeth Hughes wa Marekani. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi ile. Mwaka 1919, binti huyu akiwa na miaka 11, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Wakati huo haikuwapo dawa. Daktari Frederick Allen aliwatunza wagonjwa kwa kuwapunguzia chakula mpaka karibu na njaa, maana hiyo ilikuwa njia pekee ya kuwaongezea siku. Elizabeth alikonda akabaki ngozi na mifupa. Imeandikwa kwamba katika siku yake ya kuzaliwa keki yake ilikuwa sanduku la kofia, lililofunikwa karatasi nyeupe na ya rangi ya waridi, na mishumaa juu yake. Wazazi walimpa mtoto furaha ya mishumaa pasipo sukari ambayo ingemwua.

Huko Toronto katika Kanada, Frederick Banting na wenzake walikuwa wakitafuta dawa. Mwaka 1921 waliipata insulini, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson alikuwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Agosti mwaka ule ule Elizabeth alipelekwa kwa Banting, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 15. Akapona udhaifu wake, akasoma, akaolewa, akazaa watoto watatu, akaishi hata mwaka 1981. Na ile tarehe 14 Novemba, ambayo dunia huishika kuwa Siku ya Kisukari, ni siku ya kuzaliwa kwa Banting. Njaa ya Elizabeth ilimvusha mpaka mlangoni pa dawa. Ndiyo faida ya miiko: kumvusha mtu mpaka siku iliyo mbele.

Sasa niseme mashauri machache, ambayo mengine niliyapata kwa akina mama wenyewe.

Kwanza, asiyekula asipike keki. Wako wanaoshinda na njaa tangu asubuhi wakidhani wanajiwekea nafasi. Esau alirudi kutoka porini amezimia kwa njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Mama na ale kwanza mlo wake ulioagizwa, ndipo ashike mwiko. Tena kwa mwenye kutumia insulini au vidonge vingine vya kushusha sukari, kuruka mlo ni hatari. Akiona anatetemeka, jasho linamtoka na kichwa kinamzunguka, anywe upesi maji yenye sukari au ale glukosi, pasipo kujilaumu hata kidogo. Saa ile sukari ni dawa.

Pili, ajue kwamba kuonja hakuhitajiki. Ukipima vitu kwa kikombe na mizani, sukari haitapungua. Na keki iliyo juu ya mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, hupimwa kwa kijiti: kikichomwa katikati kikatoka kikavu, imeiva. Zaidi ya hayo, unga mbichi na mayai mabichi yaweza kuwa na vijidudu viletavyo kuhara, kwa hiyo bakuli lisilambwe na mtu yeyote, hata mtoto.

Tatu, mara rojo likiisha kumiminwa, atie maji ndani ya bakuli na mwiko humo humo. Ni tendo dogo la nukta moja, nalo humaliza vita ambavyo vingedumu nusu saa.

Nne, asipike peke yake. Mtoto mkubwa au jirani awepo, wazungumze, wapokezane mwiko.

Tano, keki isilale nyumbani. Jioni ile ile kilichobaki kigawanywe: kwa jirani, kwa bibi mjane, kwa watoto wa mwalimu. Jaribu la usiku, watu wamelala na kabati halina kufuli, ni kali kuliko la mchana.

Nina neno pia kwa waume, mashangazi na wageni. Mara nyingi anayejaribu ni mtu mwenye kupenda. Husema, "Onja tu, mama, kijiko kimoja hakiui," naye adhani ni ukarimu. Ndugu zangu, yule mama amekwisha kujikatalia mara kumi kabla ninyi hamjafika. Msimtwike mara ya kumi na moja. Wala msimsifu kwa sauti mbele ya watu, mkayafanya maradhi yake kuwa mazungumzo ya karamu. Mpeni chai isiyo na sukari, mketi naye.

Na mama mwenyewe asikae mezani kwa uso wa huzuni. Bwana alifundisha kwamba afungaye apake mafuta kichwani na kunawa uso, asiwaonyeshe watu. Mtoto akiona mamaye ananung'unika, keki yake itamkaa kooni.

Katika karamu ile niliyoitaja, binti alitazama sahani ya mama yake, akaona kipande kilivyo kidogo. Akauliza, "Mama, mbona huli keki yangu? Haikukupendeza?" Mama akamjibu, "Imenipendeza sana, mwanangu. Nakula kidogo leo ili nikupikie na ile ya mwakani, na ya mwaka utakapomaliza shule, na ya arusi yako nikijaliwa." Mtoto akafikiri, kisha akasema, "Basi nami nitakusaidia kutia maji kwenye bakuli."

Walimu, mkifundisha watoto habari za kiasi, wapeni mfano wa namna hii, kwa maana kila mtoto amewahi kusimama karibu na bakuli. Nanyi akina mama mnaoshika miiko, nendeni kliniki siku mliyopangiwa, mwambieni daktari ukweli wote, hata wa vijiko, na mkimwomba Mungu ombeni na kwa ajili ya mambo madogo. Yeye aliyehesabu nywele za vichwa vyetu hatashindwa kuona kijiko kilichorudishwa mezani pasipo kulambwa.

Ndugu yenu katika Kristo,
Katekista