Mutoto wa SS na uboho wa ndugu yake

Mu familia mingi za wachimbaji tunajua kile kilio cha usiku: mutoto anashika miguu, mifupa inamuluma, macho inageuka manjano. Asubui baba anakopa franka, mama anabeba mutoto ku lopitali kutafuta damu. Kisha jirani anakuja: "Uzisheni parsele, mumupeleke India, watamubadilisha damu." Tuelezane, juu kusikuwe mutu wa kuuzisha nyumba bure.

Jirani hasemi uongo. Damu inatengenezewa ndani ya mifupa, mu ile mafuta yenye kuitwa uboho. Kwa mutoto wa SS, uboho unatoa chembe zenye kujikunja sawa mundu. Zinaziba mishipa midogo, maumivu inaanza. Madaktari wanaua ule uboho kwa dawa kali, kisha wanamutia wa mutu mwingine kupitia mushipa, sawa vile wanatia damu. Mu 1984, madaktari wa Memphis, kule Marekani, walitangaza kwamba binti wa miaka 8, aliyepewa uboho juu ya kansa ya damu, SS nayo ilimutoka. Ubelgiji nayo, toka 1986 mpaka 1997, watoto na vijana karibu 50 wa SS walipewa uboho, na wengi walipona. Kati yao kulikuwa wenye familia zao zilitaka kurudia Afrika.

Lakini uboho hauchukuliwe kwa mutu yeyote. Gurupu ya damu peke haitoshe. Alama zingine zinapaswa kulingana, na wa kwanza kupimwa ni ndugu wa baba moja, mama moja. Kila ndugu iko na bahati 1 tu juu ya 4. Ndugu mwenye AS anaweza kutoa. Mwenye SS, hapana. Basi mupime ndugu kwanza, ndipo muongee habari ya parsele.

Mujue tena hatari. Ile dawa kali inaweza kuharibu uzazi, na kuko watoto wenye kufa mu hii matunzo. Hata mwenye kupona, mbegu yake haibadilike: akizaa, anapitisha S.

Wenye hawana ile njia wasikate tamaa. Idroksiure, kama daktari ameiandika, inapunguza maumivu. Chanjo, moskitero, maji ya kunywa mingi, na kukimbia ku lopitali mara homa inapanda: hivi vinaokoa watoto.

Na kwa vijana wenye kutaka kuoana: mufanye elektroforezi mbele ya mahari. Wawili wakiwa AS, kila mimba iko na hatari 1 juu ya 4 ya kuleta SS. Si ulozi, na si damu ya mama peke yake. Baba naye alitoa S yake. Tuache kufukuza bibi juu ya ugonjwa wenye tulileta wawili.