Kwa Nini Simu Hukosa Mtandao Ndani ya Nyumba?

Si jambo geni siku hizi kumwona mwanafunzi akitoka uani usiku, simu mkononi, ili somo alilotumiwa na mwalimu wake lipate kufunguka. Ndani ya nyumba halifunguki. Hatua chache nje ya mlango linafunguka mara moja. Aghalabu lawama zote hutupiwa mnara. Lakini ikiwa uani mtandao upo, mnara umekwisha kutimiza kazi yake, na kizuizi ni nyumba yenyewe. Asiyetambua tofauti hiyo huweza kupoteza fedha kwa kununua dawa isiyolingana na ugonjwa.

Mawimbi na Vizuizi Vyake

Simu ya mkononi huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio, ambayo ni ya jamii moja na mwanga. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya kasi hiyo kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Katika masafa ya megahezi 900, urefu wa wimbi ni kiasi cha sentimita 33. Katika megahezi 1,800 ni kiasi cha sentimita 17. Kwa kawaida, masafa ya chini hupenya kuta na kupinda penye vilima vizuri zaidi kuliko masafa ya juu.

Mbao kavu na udongo mkavu hupunguza mawimbi kidogo. Zege lenye nondo na kuta zilizolowa maji huyapunguza zaidi. Metali huyarudisha yalikotoka: bati la paa, japo unene wake haufiki milimita 1, halipitishi mawimbi ya simu. Kwa hiyo, katika nyumba ya mabati, mawimbi hayana budi kuingilia kutani, mlangoni na madirishani. Hata dirisha laweza kuwa limefungwa pasipo mwenyewe kujua. Wavu wa chuma wa kuzuia mbu una matundu madogo mno yakilinganishwa na urefu wa wimbi. Hewa hupita, lakini mawimbi mengi hurudishwa. Wavu wa nailoni hauna tatizo hilo.

Tena, mawasiliano ni ya pande mbili. Simu ya kizazi cha nne hutuma mawimbi kwa nguvu isiyozidi kiasi cha wati 0.2, ambayo ni ndogo sana ikilinganishwa na nguvu ya mnara. Ndiyo sababu simu huweza kuusikia mnara, lakini mnara usiisikie simu. Simu hiyo hulazimika kuongeza nguvu ya kutuma, na betri yake huisha upesi.

Kupima Kwanza

Vijistari vinavyoonekana juu ya kioo cha simu si kipimo cha kutegemewa, kwani kila kiwanda huvipanga kwa namna yake. Katika simu nyingi, kipimo halisi huonekana ndani ya mipangilio, kwenye taarifa za laini, kikiandikwa dBm. Namba huwa hasi: -80 ni bora kuliko -110. Kila desibeli 10 ni badiliko la mara 10. Basi kutoka -110 hadi -90 nguvu ya mawimbi huongezeka mara 100.

Wanafunzi wanaweza kuchora ramani ya nyumba au darasa, wakapima katikati ya chumba, dirishani, mlangoni na uani, mara tatu kila mahali, kisha wakatafuta wastani. Simu itumie laini ileile na mtandao wa kizazi kilekile. Wataona pia kuwa kuisogeza simu sentimita chache tu hubadili kipimo. Sababu ni kwamba mawimbi yaliyogonga kuta na mabati hukutana. Mahali pengine huongezeana nguvu, mahali pengine huuana.

Njia za Kurekebisha

Ikiwa mtandao upo dirishani, simu moja iwekwe hapo, nayo igawe intaneti kwa Wi-Fi kwa vifaa vilivyomo ndani. Njia hii haihitaji kifaa kipya. Ikiwa mtandao upo juu ya paa tu, ruta yenye matundu ya antena yaweza kuunganishwa na antena ya nje iliyoelekezwa kwenye mnara. Antena yenye umbo la mfupa wa samaki, iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, hufaa sana, mradi iwe ya masafa yanayohusika. Waya wake uwe mfupi, maana waya mrefu hupoteza kile antena ilichokusanya.

Mashine za kukuza mawimbi zinahitaji hadhari. Mashine mbovu huweza kuvuruga mawasiliano ya mtaa mzima. Nchini Tanzania, vifaa vya mawasiliano hutakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Ikiwa hata uani na juu ya paa hakuna kitu, hapo ndipo tatizo ni mnara, wala hakuna antena itakayokusanya kisichokuwapo. Kwa maeneo ya namna hiyo, Tanzania ilianzisha kwa sheria ya mwaka 2006 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao huchangia ujenzi wa minara vijijini. Kijiji kinachopeleka maombi yake pamoja na vipimo vilivyoandikwa vizuri kitakuwa na hoja yenye uzito kuliko malalamiko matupu.