Homa ya ini B: Saa 24 za kwanza za mtoto

Mjamzito aliyetoka Mombasa, Zanzibar au Bujumbura akianza kliniki mjini London, hutolewa damu na kupimwa magonjwa matatu kwa pamoja: Ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B. Mawili ya kwanza ameyasikia tangu nyumbani. La tatu, kwa wengi, ni geni.

Uingereza imekuwa ikitoa kipimo hicho kwa wajawazito wote tangu mwaka 2000. Mama akikutwa na kirusi, mtoto huchomwa chanjo mara tu anapozaliwa, akarudia akiwa na wiki 4, kisha akaendelea na chanjo za kawaida. Dada yake aliyebaki nyumbani anaweza kuzaa watoto 5 bila kupimwa ugonjwa huo hata mara moja.

Tofauti hiyo si ndogo. Kirusi cha homa ya ini B hukaa katika damu na majimaji ya mwili, na humpata mtoto hasa wakati wa kujifungua. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake mara nyingi hukishinda. Wanaobaki nacho maisha yao yote hawafikii 5 katika kila 100. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: karibu 90 katika kila 100 hubaki nacho.

Mtoto huyo hukua, husoma, huoa au huolewa bila dalili yoyote. Miaka 30 au 40 baadaye tumbo linavimba na macho yanageuka manjano. Jirani husema nyongo, wengine husema karogwa, kumbe ini limejaa makovu au limeshikwa na saratani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na kirusi hicho, na milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake.

Wiki sita ni kuchelewa

Kenya, Tanzania na Uganda kwa miaka mingi zimekuwa zikitoa kinga ya homa ya ini B ndani ya chanjo ya magonjwa matano, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hiyo ni nzuri na imewakinga mamilioni. Lakini kwa mtoto aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa, wiki ya 6 ni sawa na kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Ndiyo maana tangu mwaka 2009 WHO inashauri kila mtoto achomwe chanjo ya homa ya ini B peke yake ndani ya saa 24. Mwaka 2022 ni asilimia 18 tu ya watoto wa kanda ya Afrika ya WHO walioipata, ingawa kanda hiyo ndiyo yenye asilimia 63 ya maambukizi mapya duniani.

Bei si kisingizio kikubwa, kwani dozi moja haifiki dola moja. Mfuko wa chanjo wa Gavi uliamua mwaka 2018 kuzisaidia nchi maskini kuianzisha, Covid ikachelewesha, na mwaka 2024 mlango ukafunguliwa. Kinachobaki ni mipango: chanjo iwepo chumba cha kujifungulia hata usiku na siku za sikukuu, na mkunga awafikie wanaojifungulia nyumbani.

Dawa si ngeni

Mama mwenye virusi vingi anahitaji zaidi ya chanjo ya mtoto. Mwaka 2020 WHO ilishauri apewe tenofovir kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Mwaka 2024 shirika hilo liliongeza kuwa pasipo na kipimo chochote cha kuonyesha wingi wa virusi, kila mjamzito mwenye maambukizi anaweza kufikiriwa kupewa.

Tenofovir ni ile ile iliyomo katika dawa nyingi za Ukimwi. Mwenye VVU anaipata bure. Mwenye homa ya ini peke yake anaweza kuambiwa haimhusu, wakati kopo liko chumba cha pili.

Wasiwasi majumbani

Akina mama wengi huogopa kunyonyesha. Maziwa ya mama hayakatazwi. Wala hakuna haja ya kupasuliwa kwa sababu hiyo tu, au kumtengea mtu sahani na kikombe.

Kina baba nao wasikimbilie talaka. Majibu hayo si ushahidi wa uzinzi. Huenda mke alizaliwa nacho kutoka kwa mama yake. La busara ni mume na watoto kupimwa, na wasio nacho kuchanjwa. Na ile kadi ya manjano ya uwanja wa ndege ni ya homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa.

Inawezekana

Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Maambukizi kwa watoto yalishuka kutoka karibu asilimia 10 hadi chini ya 1, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Oman, yenye ndugu zetu wengi, iliingiza chanjo hii kwa watoto wake mwaka 1990.

Sisi tulioko nje hutuma fedha za kujifungulia kwa wadogo zetu na wake za kaka zetu. Safari ijayo tuulize pia mambo mawili: je, amepimwa homa ya ini B, na je, hospitali hiyo ina chanjo ya siku ya kwanza? Kama haina, iulizwe ni wapi inapatikana kabla uchungu haujaanza.