Namba D Siyo Umri wa Gari

Pitia matangazo ya magari ya Dar es Salaam, utakuta mwaka wa kutengenezwa umeachwa, lakini herufi ya namba haikosekani. "IST namba D, full AC, haidaiwi, maongezi yapo." Mnunuzi akisikia D anatulia. Akisikia B anakata milioni hata kabla hajaliona gari, na mwenye namba B aliyelitunza lake vizuri anaanza mazungumzo akiwa ameshabanwa.

Herufi hiyo inasema jambo moja tu: gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani. Toyota IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007. Sheria yetu haizuii gari la kawaida kuingia kwa sababu ya umri; likiwa na miaka 10 au zaidi linaongezewa tu ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kwa hiyo gari la 2004 liliweza kuja mapema likapewa B, na pacha wake wa kiwanda kilekile akaja miaka mingi baadaye akapewa D. Kenya ni habari nyingine. Kule gari lililozidi miaka 8 haliingii, hivyo KCA au KDA inampa mnunuzi makisio ya umri yenye mantiki. Huku kwetu hakuna kizuizi hicho, na bado tunaisoma herufi kana kwamba kipo.

Mtetezi wa namba D ana hoja moja nzito: gari lake limekula mashimo yetu kwa miaka michache zaidi. Ni kweli. Japani gari binafsi hupelekwa ukaguzi wa lazima likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na barabara zao zinajulikana. Lakini miaka mitano ya kubeba abiria usiku na mchana, oili ikimwagwa mwenye gari akikumbuka, inalichosha gari kuliko miaka kumi na miwili ya mtu wa kwenda kazini na kurudi. Herufi haiwezi kukuonyesha hilo, na muuzaji wa namba B anayetaka bei ya haki lazima alionyeshe mwenyewe.

Aanze na oili. IST yenye chasisi ya NCP60 ina injini ya cc 1,298, na NCP61 ina ya cc 1,496. Zote mbili hutumia cheni ya taiming, siyo mkanda. Mkanda unabadilishwa kwa kilomita. Cheni inategemea oili safi, kwa sababu hata kifaa kinachoikaza kinasukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Fungua kifuniko cha oili, uchungulie kwa tochi ya simu. Rangi ya kahawia iliyopauka kwenye chuma haina neno. Ukiona tope jeusi zito, historia yote ya matunzo umeshaisoma. Gia boksi nayo inahitaji oili ya aina ya T-IV, na risiti inayoitaja kwa jina ina uzito kuliko maneno ya fundi.

Siku ya kuonyesha gari, liache lilivyolala. Ukiliwasha kabla mnunuzi hajafika, fundi wake atagusa boneti, aone ina joto, na hapo ataanza kutafuta unachoficha. Kuosha injini ikang'aa ni kosa lilelile. Inaonekana umefuta dalili za kuvuja.

Sasa boksi la spea kwenye buti. Wauzaji wengi hujumlisha bei walizonunulia na kutaka zirudi zote. Hazirudi. Plagi, pedi za breki na shokapu za IST zimejaa Gerezani, na mnunuzi analijua hilo. Spea inapandisha bei pale tu ambapo ni ngumu kupatikana. Mwenye Mitsubishi Pajero iO ya GDI akiwa na pampu nzima ya presha ya petroli pembeni, ameshika kitu cha maana, kwa sababu pampu hiyo ndiyo ugonjwa unaojulikana wa injini ile. Kwa IST, taa ya nyuma au kioo cha pembeni cha Japani, kisicho na mchubuko, kinafaa kuliko katoni nzima ya vitu vinavyouzwa kila duka.

Tena mnunuzi makini atauliza: bushi hizi ulizinunua, mbona hukuzifunga? Ni swali halali. Bushi mpya ndani ya boksi inamwambia kwamba iliyo chini ya gari imekwisha. Zifunge kabla ya kuuza, mwonyeshe na za zamani ulizotoa. Mpira wenyewe hauna subira. Mikanda na sili huzeeka hata rafuni. Tairi la akiba lisomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, tuseme 2316, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi hilo lina kashata zote na bado halifai kwa safari ya Dodoma.

Kwa maoni yangu, namba B yenye risiti, injini kavu na bushi mpya zilizokwisha kufungwa inastahili kusimama bei moja na namba D isiyo na historia, na dalali akikucheka mwache acheke.

Lililobaki ni karatasi. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA kwa namba ya gari, uyalipe kabla mnunuzi hajayagundua. Usimwachie gari kwa mkataba na kadi tu, kwa ahadi kwamba atabadilisha jina "wiki ijayo". Likisababisha ajali huko liendako, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi. Maliza uhamisho TRA, ndipo utoe funguo.