Mpiga besi, hakikisha pesa imeingia kwa jina lako

Harusi ilikuwa Lodwar, mwezi wa Desemba, na mimi nilikuwa kwenye kamati. Bendi ya vijana wa hapa mjini ilikuwa na kila kitu isipokuwa mpiga besi. Wa kwao alikuwa ameenda kusoma Eldoret. Mtu akasema kuna kijana Kakuma, Mkongomani, anapiga kanisani kule kambini, mkono wake mzito. Akapigiwa simu. Tukakubaliana shilingi 6,000, nauli ikiwa ndani yake.

Alipiga, bana. Wazee waliokuwa wamekaa na soda zao tangu mchana waliinuka wenyewe.

Saa tano usiku mweka hazina wetu, mama mmoja makini sana, akaenda kumlipa. Spika bado zinanguruma. Kijana akaitaja namba kwa kupaza sauti, mama akaiandika, kisha akauliza, "Jina litatokea nani?" Kijana akamjibu, "Litatokea la rafiki yangu, mama. Laini si yangu." Jina likatokea. Hakuna aliyelijua, na hakuna aliyetegemea kulijua. Mama akathibitisha, akamwonyesha ujumbe kwenye simu yake: imetumwa. Kijana akashukuru, akafunga gitaa lake, akaenda kulala kwa wenzake.

Asubuhi, akiwa stendi, akagundua simu yake haina kitu. Tarakimu moja ilikuwa imekosewa: sita ilisikika saba. Tulipopiga simu huduma kwa wateja, aliyeipokea alikuwa ameshaitoa yote usiku uleule. Na huyu kijana ni mkimbizi. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha siku hiyo, na nauli ya kurudi hana. Wenzake wa bendi walimchangia. Sisi kamati tulianza kuchanga upya, na pesa yake ilimfikia siku ya tisa.

Kumbuka kwamba kazi yangu mimi ni kuwaelimisha wateja jinsi ya kutuma na kupokea pesa kwa simu. Nilikuwa mita chache kutoka pale, nimeshika sahani ya pilau. Kwa hivyo makala hii nimeiandika kwa aibu kidogo, na nimewaandikia wapiga besi kwa sababu wao ndio wanaosahaulika kwanza.

Kwa nini hasa besi

Mwimbaji anaonekana. Mpiga solo anaonekana, na hata akikosea watu wanampigia makofi. Mpiga besi hufahamika akikosekana tu: wanaocheza wanapoa, hawajui ni kwa nini. Sisi Turkana tunalijua hili hata kama hatujawahi kulisema. Kwenye edonga hakuna gitaa. Kuna sauti za watu, makofi, na miguu inayotua ardhini kwa pamoja. Ule mshindo wa miguu ndio besi yetu. Ukiutoa, hakuna anayeruka.

Kama ndio unaanza, tafuta "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, na umsikilize Tommy Malanga peke yake. Achana na solo, achana na sauti. Utasikia besi inayosema neno lake halafu inanyamaza. Vijana wengi ninaowasikia Lodwar wanajaza kila nafasi, kana kwamba wanalipwa kwa idadi ya noti. Noti ya msingi, ya tano yake, na nafasi ya kupumua: ukizipiga hizo sawasawa na mguu wa mpiga drams, utaitwa tena. Kanisani pia ni hivyohivyo.

Jambo moja la kiufundi ambalo wengi hawaambiwi. Usijifunze nyimbo kwa kusikiliza spika ya simu. Uzi wa E ukiupiga wazi unatoa mtetemo wa takriban hertzi 41, na spika ndogo ya simu haiwezi kuutoa. Unachosikia ni kivuli chake. Vaa spika za masikioni, hata zile za bei ya chini. Kisha kila wimbo ujifunze kwa ufunguo zaidi ya mmoja, kwa sababu mwimbaji atakuja na mafua siku ya shoo na kusema, "Shusha kidogo," na hatakuuliza kama unaweza.

Safari ya kilomita 120

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120. Kwa mpiga besi wa mjini ni safari ya kawaida, labda laga zikijaa ndiyo anachelewa. Kwa mkimbizi anayeishi kambini au Kalobeyei, anahitaji kibali cha kusafiri kabla ya hata kufikiria gari. Maana yake hawezi kupigiwa simu Ijumaa jioni kwa harusi ya Jumamosi. Na wewe unayemwajiri kutoka Lodwar, elewa kwamba akikaa siku moja zaidi kukusubiri umlipe, huenda karatasi yake imeisha muda. Kuchelewesha malipo yake kunaweza kumwingiza matatani.

Ndiyo maana nasema nusu ya malipo itumwe kabla ya mpiga besi kutoka nyumbani. Tena mapema, siku anapoanza kushughulikia kibali. Tuseme mmekubaliana 6,000, na nauli ya kwenda na kurudi, chakula na pa kulala vitakula 2,000. Ukisafiri bila malipo ya awali, hiyo 2,000 ni pesa yako unayoikopesha harusi ya watu wengine. Ukiwa na 3,000 tayari kwenye simu, hata shoo ikivunjika utafika kwako.

Watu huona haya kuomba. Wanadhani mteja atasema ni wajeuri. Kwa uzoefu wangu wa kamati, tunaoogopwa ndio tunaofurahia kupata ujumbe kama huu, kwa sababu unatupa kitu cha kumwonyesha mwenyekiti:

"Habari mama. Nathibitisha kupiga besi harusi ya Jumamosi, Lodwar, saa nane mchana hadi saa tatu usiku. Jumla 6,000. Naomba 3,000 kufikia Jumatano ili nipange safari, na 3,000 iliyobaki siku ya shughuli wakati wa kukata keki. Namba yangu ni hii ninayotumia sasa, jina litakalotokea ni langu. Ukituma, weka na ya kutolea."

Wakati wa kukata keki, narudia. Usingoje mwisho. Mwisho wa harusi mweka hazina anatafuta sufuria za kukodi, mwenyekiti ameshaondoka, na aliyebaki ni mjomba ambaye hajui lolote kuhusu pesa.

Laini ya rafiki

Turudi kwa kosa letu. Namba ilikosewa, ndiyo, lakini mfumo ulikuwa umempa mama nafasi ya kulikamata: ulimwonyesha jina. Jina lilikuwa la mgeni kabisa, na angesimama pale kama asingekuwa ameambiwa ategemee jina asilolijua. Laini ya kuazima iliua ule ukaguzi wa mwisho.

Kwa hivyo sajili laini kwa jina lako, kwa kitambulisho chako halali. Najua kuna sababu watu hutumia za wenzao, hasa kambini ambako karatasi huchukua muda wake. Lakini fikiria: mwenye laini akiigombea au akiipoteza, yeye ndiye atakayesikilizwa dukani, si wewe. Pesa zote za shoo zilizolala humo ni zake mbele ya karatasi.

Namba usiitaje ukumbini. Tuma kwa ujumbe, au iandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya mfuko wa gitaa. Anayelipa akifika kwenye jina, mwambie akusomee jina hilo kabla pesa haijatumwa. Sekunde tano.

Kisha usiangalie simu yake. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja unaonyesha tu kwamba pesa imetoka kwake. Wala usiridhike na ujumbe uliokuja kwako peke yake, maana wapo wanaotunga ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli. Fungua menyu, angalia salio lako. Kama salio halijapanda, hujalipwa. Usione haya kufanya hivyo mbele ya mteja. Mwenye duka akipewa noti ya elfu huiinua kwenye mwanga, na hakuna anayekasirika.

Na ukipigiwa simu baadaye na mtu anayesema amekutumia pesa kimakosa, umrudishie, usimtumie wewe mwenyewe. Mwambie aripoti kwa huduma kwa wateja, marejesho yafanyike rasmi. Ukimtumia kisha naye aombe marejesho, unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Namba ya siri haihitajiki kwa lolote kati ya haya. Anayeiuliza ni mwizi, hata akijitambulisha kwamba anatoka kwetu.

Pesa ya bendi kwenye simu ya mtu mmoja

Hapa ndipo urafiki mwingi wa muziki umefia. Bendi ya watu watano inalipwa 20,000, na yote inaingia kwenye laini ya kiongozi. Kiongozi ni mtu mzuri. Lakini kiongozi alikuwa amekopa kwa simu wiki iliyopita, na huduma nyingi za mkopo wa laini hukata deni mara tu pesa inapoingia. Mfumo haujui kwamba 16,000 kati ya hizo ni za wenzake. Unakata. Sasa anawaeleza watu wanne jambo ambalo linasikika kama uongo ingawa ni kweli.

Fungueni namba ya till ya bendi, au angalau laini ambayo haina mkopo na haitumiwi kwa mambo ya nyumbani. Kubalianeni migawo kabla ya shoo, ikiwemo nani analipia mafuta ya jenereta. Halafu gaweni usiku huohuo mkiwa bado mmekaa pamoja, kila mtu aone salio lake likipanda. Asubuhi kila mmoja ana hesabu yake kichwani.

Shoo za mashirika ni habari nyingine. Kakuma kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kuna jukwaa, na kuna kazi. Wengi wao hulipa vizuri ila hawalipi siku hiyo. Uliza mwanzoni ni hati gani wanataka na nani anayesaini, peleka zote kabla ya kupanda jukwaani, na usiitumie pesa hiyo kichwani kabla haijaingia. Nimeona mtu akinunua kabati kwa ankara ambayo haijalipwa.

Joto, vumbi na betri

Kutoka kwenye kila malipo weka kando kiasi cha nyuzi. Hata 300. Nyuzi za besi ni ghali kuliko za gitaa la kawaida, na seti mpya mara nyingi inabidi uagize ije na basi kutoka Kitale au Eldoret. Wakati unangoja, zile zilizokufa zivue, zichemshe kwenye maji dakika chache, zikaushe vizuri. Zitaamka kwa muda. Si dawa ya kudumu, lakini itakuvusha Jumapili. Ukimaliza kupiga, zifute kwa kitambaa kikavu. Jasho na vumbi letu ndivyo vinavyozila.

Usiliweke gitaa kwenye paa la matatu wala kwenye buti mchana wa Lodwar. Mti wa shingo hupinda kwa joto, na nyuzi zikishaanza kukwaruza hutajua tatizo ni wewe au ni gitaa. Lipakate. Kama besi yako ina betri ya volti 9 ndani, chomoa jeki ukimaliza, kwa sababu ikibaki imechomekwa betri inaendelea kuisha hata kama hakuna anayepiga. Na ukifika ukumbini ukakuta amplifaya moja ndogo ya gitaa la solo, usiifungue hadi mwisho. Spika yake haikutengenezwa kwa uzi wa E, itachanika, na utaambiwa ulipe. Omba uingie kwenye mikseri.

Yule kijana wa Kakuma alirudi Lodwar wakati wa Pasaka, kwa ubatizo wa mtoto wa jirani yangu. Siku tano kabla, mweka hazina yuleyule alinipigia akiwa ameshika simu nyingine mkononi, ameshaandika namba na 3,000, hajathibitisha. Alitaka kunisomea jina lililotokea. Alilisoma polepole, yote matatu. Lilikuwa lake.